Umeshusha gari kwa springi fupi, sasa linasumbua: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Malalamiko ya watu walioshusha magari yanafanana mno, iwe ni Mark X ya Sinza au Impreza ya Nairobi. Linagonga kwenye matuta, linadundadunda, limelala upande mmoja, matairi yameliwa kwa ndani. Lawama ya kwanza huiangukia springi kwa sababu ndiyo kitu kipya kilichoingia. Lakini mara nyingi chanzo kiko pembeni yake: shokapu iliyokuwa imechoka tangu zamani, kiraba cha ndani kilichoachwa na urefu wa kiwandani, bushi (zile raba za kwenye maungio ya sospensheni) zilizokazwa gari likiwa hewani, au alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ambayo haikufanyika kabisa. Kwa hiyo usikimbilie kununua springi nyingine. Tafuta dalili inayofanana na ya gari lako, anza na ukaguzi usio na gharama, kisha ndipo ushike spana.

Kabla ya yote, pima. Egesha gari mahali tambarare, hakikisha upepo wa matairi uko sawa, halafu pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Andika. Usipime kutoka chini, maana ukubwa wa tairi na upepo wake vitakudanganya. Kama hujafunga springi bado, pima leo, kwa sababu bila vipimo vya mwanzo hutajua gari limeshuka kiasi gani, na mabishano na fundi hayatakwisha.

Linagonga kwa kishindo kwenye matuta, au limekuwa gumu kama halina springi

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu husema "springi ni ngumu mno". Mara nyingi springi haijapata hata nafasi ya kufanya kazi.

Ndani ya shokapu, kwenye ule mti unaong'aa, kuna kiraba cha povu gumu, bampu stopa. Kazi yake ni kupokea pigo la mwisho ili chuma kisigonge chuma. Tuseme gari lako likiwa limesimama lina milimita 50 kati ya mwili wa shokapu na kiraba hicho. Ukifunga springi inayoshusha milimita 40, umebakiwa na 10. Dereva akikaa na abiria wakapanda, hata hizo 10 zimekwisha. Kuanzia hapo gari linatembea juu ya kiraba, na ule ugumu unaousikia si wa springi.

Ukaguzi wake ni rahisi na haugharimu kitu. Nyanyua kizuia vumbi cha shokapu, funga ile kamba nyembamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye mti wa shokapu, isukume hadi iguse mwili wa shokapu, kisha endesha njia zako za kila siku ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Ukirudi, angalia kamba imesukumwa hadi wapi. Ikiwa imebanwa hadi kwenye kiraba baada ya kupita tuta moja dogo kwa mwendo wa kawaida, jibu umelipata.

Vyanzo kwa mpangilio wa kutokea:

1. Bampu stopa imeachwa na urefu wa kiwandani. Watengenezaji wengi wa springi za kushushia huandika kwenye karatasi ya maelekezo kiraba kikatwe kiasi gani, na wengine huweka vipya vifupi ndani ya boksi. Karatasi hiyo ndiyo inayotupwa kwanza. Fuata kipimo chake. Usikate zaidi ya kilichoandikwa, na usikitoe kabisa: shokapu bila kiraba itagonga chuma kwa chuma, na itavujisha mafuta mapema.
2. Gari limeshushwa kupita nafasi iliyopo. Hapa kukata kiraba hakutoshi. Ama utafute springi inayoshusha kidogo, ama shokapu zilizotengenezwa fupi kwa ajili ya gari lililoshushwa.
3. Mzigo. Ukiwa peke yako gari ni zuri, ukibeba watu wanne na mabegi kwenye buti nyuma inagonga. Springi hiyo haikukusudiwa mzigo wako. Rudi kwenye sehemu ya kuchagua hapa chini.
4. Shokapu imekufa kabisa, haizuii chochote, ndiyo maana inafika mwisho kila mara.

Kama springi zako zilikatwa kwa gurinda, nina la kusema. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa 1, inabaki 5, na ugumu wake unapanda kwa asilimia 20. Hilo watu hulitaja kama faida. Tatizo liko kwenye ncha: ule mwisho uliokatwa haukai vizuri kwenye kikalio chake, unakula raba, unahama, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuchomoka. Wanaopasha springi moto ili ilale ni wabaya zaidi, kwa sababu wanaua ule ugumu uliopewa chuma kiwandani, na springi hiyo itaendelea kulala au itavunjika. Ukigundua gari ulilonunua lina springi za namna hii, usitafute dawa ya dalili. Zitoe.

Linadundadunda baada ya tuta, linayumba kama mtumbwi kwenye lami yenye mawimbi

Springi inahifadhi nguvu, shokapu inaituliza. Springi fupi kwa kawaida ni ngumu kuliko ya kiwandani, maana nafasi ya kucheza imepungua na lazima imudu uzito uleule kwa safari fupi zaidi. Springi ngumu inarudi juu kwa nguvu zaidi, na shokapu ya zamani haina uwezo wa kuishika. Kama shokapu zako zilikuja na gari kutoka Japani na hujawahi kuzibadilisha, anza hapo.

Kandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu kisha uachie. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Ikiendelea kupanda na kushuka, shokapu hiyo imekwisha. Lakini gari likifaulu jaribio hili usitangaze ushindi, kwa sababu mkono wako hauwezi kusukuma kwa kasi ya tuta la kweli. Angalia pia mwili wa shokapu: ukungu mwembamba wa mafuta juu kabisa si jambo la kutisha, lakini mafuta yaliyoteremka na kushika vumbi hadi chini ni shokapu inayovuja. Badilisha kwa jozi, zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma.

Wenye Subaru Forester, hasa za kizazi cha pili zilizotoka mwaka 2002 hadi 2008, soma hapa kwa makini. Baadhi yake zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe: gari likibebeshwa mzigo na kutembea kidogo, shokapu hujipampu kwa mwendo wa gari na kurudisha kimo. Springi zinazofuatana nazo ni laini, kwa kuwa shokapu yenyewe inabeba sehemu ya uzito. Ukifunga springi ya kushushia juu ya shokapu hiyo, utapata gari ambalo nyuma haishuki kama ilivyoandikwa, au ni gumu bila sababu. Dawa ni kufunga shokapu za kawaida za nyuma pamoja na springi zinazozifaa. Hakuna njia ya mkato.

Mlio: ngo, kwaruu, tiktik

Jiulize kwanza mlio unakuja wakati gani. Hilo peke yake litakupunguzia nusu ya kazi.

*Ukikata usukani gari likiwa limesimama.* Mwombe mtu akate usukani huku wewe umeweka kiganja juu ya springi. Ikiwa springi inajikunja kidogo, inashikilia, halafu inaruka kwa kishindo, basi ama beringi ya mauntini ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi, imekufa, ama springi haijakaa kwenye kikalio chake. Ncha ya springi inatakiwa iingie kwenye kile kidato cha kikalio cha chini na kukiegemea. Ikiwa imezidi au imebaki nyuma, mlio hautaisha hadi shokapu ifunguliwe na kupangwa upya. Angalia pia kama springi imegeuzwa juu chini: kwa springi nyingi, maandishi yaliyochapwa juu yake yakisomeka sawasawa gari likiwa limesimama, imefungwa sahihi.

*Kwenye mashimo madogo na rasta.* Anza na nati ya juu ya shokapu, kisha stabilaiza linki, vile vijiti vinavyounga chuma cha kuzuia gari kulala na sospensheni. Linki hizi huchakaa sana kwenye magari yaliyoshushwa kwa sababu zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Kisha raba za kukalia springi, zile za juu na chini. Fundi akizitupa kwa kuwa zimechoka bila kuweka mpya, chuma kinagonga chuma.

*Baada ya kunyanyua gari kwa jeki, au ukitoka kwenye tuta kubwa.* Nyanyua mbele yote, weka stendi, matairi yaning'inie. Shika springi kwa mkono. Ikizunguka au ikicheza, ni fupi kuliko urefu wa shokapu ikiwa imenyooka. Gari la namna hii usiliendeshe. Springi inaweza kuhama kwenye kikalio ukiwa kwenye mwendo, na ikihama inaweza kukata tairi. Inahitaji shokapu fupi zaidi au springi nyingine.

Onyo ambalo halina mjadala: kama ukaguzi umekufikisha kwenye kufungua springi kutoka kwenye shokapu, na huna kibanio cha springi kizima cha ukubwa unaofaa, ishia hapo. Springi yenye ugumu wa kilo 3 kwa milimita ikibanwa milimita 100 inasukuma kwa nguvu ya kilo 300, na nguvu iliyofungwa ndani yake inatosha kurusha kitu cha kilo 15 hadi mita 1 juu. Inapoachia, inaachia yote kwa mkupuo mmoja, na uso wako ndio ulio karibu. Kamwe usifungue nati ya juu ya shokapu springi ikiwa haijabanwa, na usiibane kwa waya au minyororo kama ninavyoona kwenye baadhi ya gereji. Mpelekee fundi mwenye kibanio, na ukikuta hana, ondoka.

Limelala upande mmoja, au mbele na nyuma havilingani

Chukua vile vipimo. Tofauti ya milimita 5 hivi kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida, na huenda ilikuwepo tangu mwanzo. Ikifika 10 au zaidi, kuna jambo.

Kwanza uliza: gari limeshatembea? Springi mpya hukaa zenyewe baada ya kilomita mia kadhaa. Usihukumu siku ileile.

Cha pili, na hiki ndicho mafundi wengi hukiruka: bushi za wishiboni, ile mikono ya chini inayoshika gurudumu, zimekazwa gari likiwa juu ya jeki. Bushi nyingi za raba zimeshikana na bomba la chuma la katikati. Bolti ikikazwa wakati gurudumu linaning'inia, raba inakuwa imezoea hali ile ya kuning'inia. Ukishusha gari, raba inajikunja na kulisukuma gari juu. Upande mmoja ukikazwa hewani na mwingine chini, gari linalala. Na hata kama halijalala, bushi zilizojikunja muda wote zitapasuka mapema. Dawa: gari likae kwenye shimo au kwenye rampu huku likisimama kwa magurudumu yake, legeza bolti za bushi, litikise juu na chini, kisha kaza kwa nguvu iliyoelekezwa. Ni kazi fupi, na mara nyingi inamaliza na ule ugumu usioeleweka.

Baada ya hapo ndipo utazame kama springi zimechanganywa. Kuna magari ambayo springi ya kushoto na ya kulia ni tofauti, na namba zake huwa zimechapwa kwenye chuma. Mwisho kabisa, bodi iliyowahi kupata ajali. Ukihamisha springi kutoka kushoto kwenda kulia na gari likaendelea kulala upande uleule, springi haina kosa. Mtafute fundi wa kupima chesisi.

Matairi yanaliwa kwa ndani

Pitisha kiganja taratibu kwenye uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kurudi nje. Ukisikia meno kama ya msumeno upande mmoja na ulaini upande wa pili, tatizo ni too, yaani matairi yamefungua au yamefunga kwa mbele. Ikiwa ukingo wa ndani umeliwa laini bila meno, hiyo ni kemba, tairi limelala kwa juu kuelekea ndani.

Gari likishuka, pembe hizi zote mbili hubadilika zenyewe. Kati ya hizo, too ndiyo inayomaliza tairi haraka, na ndiyo rahisi kurekebisha. Nimesikia mara nyingi mtu akiambiwa "ukishusha gari lazima tairi liliwe". Si kweli. Gari lenye kemba kidogo na too iliyo sawa linaweza kutembea na matairi yake muda mrefu. Fanya alaimenti ya magurudumu manne, si ya mbele tu, baada ya springi kukaa. Kwenye Mark X yenye sospensheni ya mikono mingi nyuma, alaimenti ya mbele peke yake ni nusu ya kazi, maana nyuma nayo imeshahama.

Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Kama kemba imetoka nje ya kiwango na gari lako halina mahali pa kuirekebisha, kuna bolti maalumu na mikono inayorekebishika. Ukiona nyuzi za waya kwenye ukingo wa ndani wa tairi, gari lisiende safari. Tairi hilo halikarabatiwi.

Usukani hautulii, linavuta kwenye mashimo, au linalala kwenye kona kuliko zamani

Alaimenti kwanza. Kisha tikisa gurudumu kwa kushika kushoto na kulia, na juu na chini: tairodi (fimbo za usukani) na boljointi (maungio ya mpira wa chuma) zilizochoka hujitokeza hapo. Kukiwa na mchezo, simamisha gari na uite fundi, usisubiri mwisho wa mwezi.

Vikiwa vizima vyote, tazama wishiboni za mbele kwa chini. Kwenye magari mengi yenye shokapu zilizosimama kama nguzo, mfano Subaru, wishiboni hulala sawa na ardhi au huteremka kidogo kuelekea kwenye tairi. Ukiona zimepanda kuelekea kwenye tairi, umeshusha kupita kiasi. Hapo gari linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa juu, na kila shimo linageuza tairi kidogo bila wewe kugusa usukani. Kuna boljointi ndefu za kurekebisha hilo kwa baadhi ya magari, lakini kwa gari la barabarani mimi ningelipandisha milimita 15 na kuacha.

Linakwaruza

Tairi kwenye madigadi ukikata kona ukiwa na abiria: mara nyingi ni rimu pana, na springi imeliweka tu wazi. Ukaguzi wa lazima ni paipu ya breki na waya wa ABS. Kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, na uangalie vinapita wapi. Paipu ya breki yenye alama ya kukwaruzwa haifungwi kwa solotepu. Inabadilishwa, na gari halitembei hadi ibadilishwe.

Taa zikimulika juu au chini kuliko zamani, zirekebishwe. Magari yenye taa zinazojipanga zenyewe yana kisensa kwenye mkono wa sospensheni, na kimo kikibadilika kinahitaji kuwekwa upya kwa mashine.

Ikibainika springi yenyewe ndiyo siyo

Sasa unachagua upya. Swali la kwanza lisiwe "inashusha kiasi gani". Liwe "shokapu yangu ina nafasi kiasi gani", na jibu unalo kwenye ile kamba ya plastiki. Kwa barabara zetu zenye matuta karibu kila kijiji, milimita 20 hadi 30 ndiyo mipaka ambayo gari bado linabeba familia.

Nunua kwa kodi ya chesisi, yaani ile alama ya modeli kama GRX120, si kwa jina la gari. Mark X GRX120 na GRX125 zinafanana kwa macho, lakini ya pili inaendeshwa kwa magurudumu yote manne na springi zake ni nyingine. Vivyo hivyo GRX130 na GRX135. Muuzaji akikwambia "zote zinaingia", mwonyeshe kodi na mtafute kwenye orodha ya mtengenezaji. Eibach, H&R, RS-R na Tein huorodhesha springi zao kwa kodi. Springi za Ulaya zenye cheti cha Ujerumani huandikwa hadi uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli, kwa hiyo gari la dizeli au la stesheni wageni linaweza kuhitaji namba tofauti na sedani ya petroli.

Kuhusu aina: springi yenye mizunguko iliyokaribiana upande mmoja huanza laini na kukaza inavyobanwa, kwa kuwa ile mizunguko ya karibu inagusana na kubakiza michache kufanya kazi. Inafaa kwa gari la kila siku. Yenye nafasi sawa mwanzo hadi mwisho ni ya anayependa gari lijibu vilevile wakati wote, na inadai shokapu nzuri zaidi.

Za mtumba si dhambi, ila zipe macho. Pitisha kidole kwenye mzunguko wa chini kabisa, ndani, mahali maji na mchanga hukaa. Rangi iliyobanduka pamoja na kutu yenye vishimo ndipo springi huvunjikia. Ziweke mbili wima mezani, urefu ulingane. Soma namba zilizochapwa, na kama zimefutika, usilipe.

Zikishafungwa, endesha kilomita mia chache, kaza tena nati za juu, pima pembe zote nne, halafu ndipo ulipie alaimenti.